Kufufua bodi ya Kombi ya zamani iliyoliwa na kutu: mwongozo kamili wa kazi ya nyumbani

Kombi iliyosimama uani kwa miaka mingi mara chache hushindikana kwa sababu ya injini. Injini yake inapozwa kwa hewa, inafunguka kwa spana za kawaida, na fundi mzoefu huirudisha barabarani. Inachoshindikana nacho ni bati. Hapa nazungumzia Volkswagen ya kizazi cha pili, yenye kioo kimoja kipana cha mbele, iliyotoka viwandani Ujerumani kuanzia Agosti 1967 hadi 1979, na hasa zile zilizofungwa makabati, jiko la gesi na paa la kuinuka ili watu walale humo. Mwongozo ni kwa mtu mwenye ua, umeme wa nyumbani na subira. Lengo ni gari zima linaloingia porini na kurudi. Kama unataka la kupeleka kwenye maonyesho, tafuta msaada mwingine.

Kazi yote hii ni habari ya maji. Kila unapokuta tundu, kabla hujashika grinda, jiulize maji yameingilia wapi, yamekaa wapi, na nini kimeyazuia kutoka. Ukishajua hayo, kiraka chako kitadumu. Usipojua, utakuwa unapamba tu, na baada ya masika mbili kutu itachungulia palepale.

Kukagua kabla ya kuahidi chochote

Chukua bisibisi butu, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, na tochi. Pitisha sumaku polepole kwenye upinde wa kila tairi, kona za chini nyuma, na chini ya taa za mbele. Pale inapolegea au kuanguka pana puti nene, na nyuma ya puti nene karibu kila mara pana tundu. Kisha lala chini ya gari na ugonge kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Bati lililokwisha hutoa sauti nzito iliyofifia, na mara nyingi mpini unapita.

Kombi haina chesi ya kujitegemea kama Land Rover. Mihimili miwili mirefu iliyo chini imechomelewa moja kwa moja kwenye sakafu, na vizingiti vya milango ni sehemu ya uti wa mgongo. Kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu: mihimili yenyewe, hasa pale mbele inapobeba eksili; mikono inayotoka kwenye mihimili kwenda kwenye vizingiti; sehemu za kupigia jeki; kisha vizingiti. Hizi zikiwa mbovu pande zote mbili pamoja na mihimili, tafuta Kombi nyingine ya kuanzia. Mimi nisingeshika gari ambalo muhimili umeoza pale kwenye eksili ya mbele, hata kama bei ni ya kutupa.

Baada ya hapo ndipo uangalie mengine: ngazi ya kukanyagia mlango wa mbele, ambayo iko mbele kidogo ya gurudumu na hupokea tope lote, kingo za sakafu ya dereva, kona za chini za kioo cha mbele, mfereji unaozunguka paa, reli ya mlango wa kusukuma, na sahani ya betri ndani ya chumba cha injini, upande wa kulia, ambapo asidi imekuwa ikidondoka tangu gari likiwa jipya. Kuwa mwangalifu hapo kwenye betri. Namba ya chesi imegongwa ndani ya chumba hicho hicho cha injini, upande wa kulia. Ipige picha, iandike, na usiikate wala kuisaga kwa namna yoyote. Gari lisilo na namba ya chesi ni vyuma chakavu vyenye rangi nzuri.

Kabla hujaagiza bati lolote la kiwandani, jua gari lako ni la mwaka gani. Taa za indiketa zikiwa chini, karibu na bampa, ni la kabla ya Agosti 1972. Zikiwa juu, kando ya matundu ya hewa chini ya kioo, ni la baada ya hapo. Sura za mbele haziingiliani, bampa haziingiliani, na muuzaji aliye ng'ambo hatakulipia nauli ya kurudisha.

Mahali, umeme na msimu

Unahitaji sakafu ya saruji iliyonyooka na paa la juu. Kibanda cha mabati chenye turubai pembeni kinatosha. Udongo mtupu haufai, kwa sababu stendi za jeki zitazama na vipimo vyako vyote vitakudanganya.

Mashine ya MIG, yaani ya kuchomelea kwa waya unaojilisha wenyewe, ya ampea 150 hivi inaendeshwa kwa umeme wa nyumbani, lakini ipe swichi yake kwenye mita na waya mzito, na ekstensheni uikunjue yote. Ikibaki imeviringishwa inachemka. Wenye mita za LUKU wanunue uniti kabla ya kuanza, maana umeme ukikatika katikati ya mshono unaharibu mshono.

Panga kazi kwa misimu. Pwani ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, kukata na kuchomelea unaweza kufanya hata wakati wa mvua ukiwa chini ya paa, ila bati lililosagwa likabaki wazi linaota kutu ya rangi ya chungwa usiku mmoja. Kwa praima na rangi subiri ukavu: Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Kusi inapovuma mchana huleta vumbi, basi kazi ya kupuliza ifanyike asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijachemsha bati.

Kuvua gari

Toa mtungi wa gesi kwanza, na bomba lake, vipelekwe mbali kabisa na kazi. Kisha betri. Tanki la petroli liko juu ya giaboksi, mbele ya injini. Kama utachomelea popote nyuma ya mlango wa kusukuma, injini inashushwa na tanki linatoka. Usiseme tanki tupu halina neno. Mvuke wa petroli ndio unaolipuka, na tanki tupu limejaa mvuke.

Makabati, magodoro, mazulia, mbao za ukutani, vyote nje. Nyuma ya zile mbao utakuta pamba ya kuzuia joto iliyolowa, na ndiyo imekuwa ikishikilia maji dhidi ya bati kwa miaka. Itupe. Piga picha kila kabati kabla ya kulifungua, na kila boliti ziingie kwenye mfuko wake wenye jina. Ukichanganya boliti za makabati na za milango utajuta siku ya kurudisha.

Vioo vya mbele na pembeni vitolewe kwa kukata mpira kwa wembe kutoka nje. Usijaribu kuokoa mpira wa zamani. Ni mkavu, umepasuka, na ndio ulioruhusu maji.

Kuegemeza bodi

Hatua hii watu huiruka kwa haraka, na ndiyo inayotofautisha Kombi ambayo milango inafunga na Kombi ambayo milango inafungwa kwa bega.

Weka gari kwenye stendi nne chini ya mihimili, zikiwa karibu na magurudumu, na usawazishe kwa pima maji mbele na nyuma. Milango yote ikiwa imefungwa, pima mapengo yake na uandike kwa chaki. Kisha pima kila uwazi wa mlango kwa mshazari, kona hadi kona, na uandike namba hizo ukutani ambako hazitapotea. Ndani ya kila uwazi chomelea skwea paipu ya milimita 25 kwa msalaba, ikishika nguzo za mlango juu na chini. Ziweke ndani kiasi ili milango bado iweze kufungwa na kujaribiwa.

Halafu fanya upande mmoja hadi uishe. Kamwe usikate vizingiti vyote viwili kwa pamoja. Bodi itakunjika katikati kwa uzito wake, milimita chache tu, nawe hutajua hadi siku ya kufunga mlango wa kusukuma.

Kukata

Vaa miwani, kinga ya masikio, glavu za ngozi, mikono mirefu ya pamba, na barakoa nzuri ya vumbi. Rangi nyingi za magari za miaka ya 60 na 70 zina madini ya risasi, hivyo vumbi lake si la kuvuta na si la kuachia watoto wachezee. Mwaga maji sakafuni kabla ya kufagia.

Kata hadi ufike kwenye bati zima. Kwa jicho, bati zima ni lile ambalo ukilisaga linabaki na rangi moja ya fedha. Likibaki na vidoti vyeusi, hivyo ni vishimo vya kutu, na mashine ya kuchomelea itavigeuza matundu. Sogea sentimita mbili zaidi. Mistari ya kukata iwe imenyooka na kona ziwe za mviringo. Kona kali huanzisha ufa.

Pale paneli mbili zilipounganishwa kiwandani utaona vidoti vya mviringo kwenye ukingo. Vitoboe kwa drili ya milimita 8 paneli ya juu tu, kisha upachue taratibu kwa patasi pana. Kazi hii ni ya kuchosha, lakini inakuachia ukingo wa awali wa kuunganishia paneli mpya mahali pake halisi.

Bati la viraka

Kwa ngozi ya nje tumia bati jeusi la geji 20, karibu milimita 0.9. Kwa vizingiti vya ndani, mikono na sehemu za jeki tumia geji 18, yaani milimita 1.2, na kwa mihimili milimita 2. Karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi watakukunjia bati kwa mashine kwa vipimo ulivyochora, na kunyanyua ukingo wa mita moja na nusu kwa mkono nyumbani ni kujitesa bure.

Usitumie mabati ya kuezekea. Yamepakwa zinki, na moshi wa zinki ukichomelewa unaleta homa na kutetemeka usiku kucha; isitoshe mshono wake hutoka na matundu. Mapipa ya zamani nayo yaache, kwa kuwa hujui yalibeba nini, na mengine yamelipuka yakikatwa. Chanzo kizuri kisicho na gharama kubwa ni paa la gari lililokwisha kwenye yadi ya vyuma chakavu: chuma laini, chembamba, kilichokwisha kuwa na mkunjo mdogo.

Kata kiolezo cha boksi la karatasi ngumu kwanza. Kijaribu mahali pake, punguza, jaribu tena. Karatasi ni rahisi kuliko bati, na haikati vidole.

Kuchomelea

Kwa bati jembamba, MIG yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi ndiyo inayofaa. Waya usiotumia gesi unachoma kwa joto zaidi na kurusha cheche nyingi. Unaweza kufaa kwa mikono ya chini, si kwa ngozi ya nje. Rodi za kawaida kwenye bati la milimita 0.9 ni matundu tu. Mafundi wengi wa bodi wa zamani walitumia gesi na shaba, na kazi yao ilikuwa safi, lakini shaba isiwekwe kwenye vizingiti wala mihimili.

Kiraka cha nje kikae usawa mmoja na bati la gari, mkabala, si kupandana. Acha pengo la unene wa jani la msumeno wa chuma. Kiraka kilichopandana kinatengeneza mfuko nyuma yake, na mfuko ni makazi ya maji. Piga nukta moja kila sentimita 3, kisha nyingine katikati ya hizo, ukiruka kutoka kona moja kwenda ya mbali. Ukivuta mshono mrefu kwa mfululizo bati litapinda mawimbi, na mawimbi hayo yatakula puti kilo nzima. Gusa bati kwa mgongo wa mkono uliovuliwa glavu: likiwa la moto kiasi cha kuutoa mkono, ngoja. Usimwagie maji kulipoza.

Pale paneli zinapolazimika kupandana, kama kwenye kingo za kizingiti, toboa paneli ya juu matundu ya milimita 6, paka praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa kati ya nyuso mbili, zibane kwa vaisigripu, kisha ujaze kila tundu kwa kuanzia katikati. Mshono ukishapoa, usage kwa diski ya msasa namba 60, siyo kwa jiwe gumu la kusagia linalokwangua bati mpaka likawa karatasi.

Ndoo ya maji, mtungi wa kuzimia moto, na mtu wa pili upande wa ndani wa gari. Cheche hupita kwenye boksi la bati na kutua mahali usipopaona. Ukimaliza, usiondoke, kaa saa moja, kunywa chai hapo hapo, nusa.

Kizingiti, kwa undani

Kizingiti cha Kombi ni bati tatu. La ndani linashika sakafu, la kati ni chuma cha kutia nguvu, la nje ni ngozi unayoiona. Maji huingia kupitia mipira ya madirisha, hushuka ndani ya milango na kuta, na kutua chini kati ya la kati na la nje. Kiwandani waliacha vitundu vya kutokea maji chini. Miaka hamsini ya tope na lami ya kupaka chini vimeviziba.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Kata la nje lote kwanza uone hali. Toa la kati. Chomelea la ndani jipya kwenye sakafu na kwenye mikono, kisha sehemu za jeki, kisha mikono yenyewe kama imeoza. Paka praima ya epoksi. Weka la kati. Paka tena, mbele na nyuma. Funga milango na upime mapengo na ile mishazari ya ukutani. Ndipo ubane la nje bila kulichomelea, ufungue na kufunga mlango mara kadhaa, na uangalie kama mstari wa chini wa mlango unafuatana na kizingiti. Ukiridhika, piga nukta. Na kabla hujamaliza, toboa vitundu vya kutokea maji pale vilipokuwa, milimita 8, kwenye sehemu ya chini kabisa.

Watu wengi huchomelea ngozi mpya ya nje juu ya ile mbovu na kuiuza gari wiki hiyo hiyo. Ukinunua Kombi yenye vizingiti vinavyong'aa kupita sehemu nyingine, piga sumaku na uchungulie kutoka chini.

Kona ya kioo cha mbele

Hapa pana kipande kidogo kinachokula siku nzima. Kona ya chini ya fremu ya kioo ni mkunjo wa pande tatu: ukingo wa kushika mpira, ngozi ya nje inayoshuka, na bati la ndani linaloelekea kwenye dashibodi. Mpira ukipasuka kwenye kona, maji yanakaa ndani ya mkunjo huo wala hayana pa kwenda isipokuwa kwenye miguu ya dereva.

Usijaribu kukitengeneza kwa kipande kimoja. Tengeneza vipande vitatu vidogo, anza na la ndani, kisha ukingo, mwisho ngozi ya nje. Ukingo ndio wa kuheshimu: tumia kipande cha mpira mpya kama kipimo, ukivishe pale kabla ya nukta ya mwisho. Ukingo ukiwa mnene kwa milimita moja au umepinda kidogo, kioo kipya kitapasuka siku ya kukifunga.

Kutu ya juujuu

Palipo na kutu isiyotoboa, brashi ya waya kwenye grinda, kisha msasa namba 80, kisha asidi ya fosforiki kwa brashi ili kugeuza ile iliyobaki kwenye vishimo. Fuata maelekezo ya kopo juu ya muda, kisha isafishe na kuifuta kabisa na ukaushe. Epoksi haishiki juu ya asidi iliyobaki.

Vipande vidogo kama bawaba na mabano vizamishe kwenye beseni la plastiki lenye maji na magadi ya kufulia, uunganishe kwenye hasi ya chaja ya volti 12, na kipande cha chuma cha kawaida kwenye chanya. Usitumie chuma cha pua, kwani hutoa sumu majini. Fanyia nje, kwa sababu gesi inayotoka inawaka.

Kupuliza mchanga ni sawa kwa eksili na mihimili, lakini paneli pana za Kombi hupinda chini ya mchanga. Na kwa walio karibu na bahari, msiende kuchota mchanga ufukweni. Una chumvi, ambayo utaipachika ndani ya chuma ulichotaka kukisafisha, na vumbi lake linaharibu mapafu yasirudi tena. Kwa sababu hiyo hiyo ya chumvi, osha bati lote kwa maji baridi safi na ulikaushe kwa hewa kabla ya praima, hata kama linaonekana safi.

Epoksi, mishono, puti

Futa bati kwa kiondoa grisi kwa vitambaa viwili, cha kupaka na cha kukausha. Baada ya hapo usiliguse kwa mkono mtupu. Puliza mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya praima ya epoksi. Kopo linakupa uwiano wa hadina (dawa ya kugandisha) na muda wa kupaka kinachofuata. Ukiupita muda huo, ikwaruze kwa msasa 320 ndipo uendelee.

Juu ya epoksi ziba mishono yote kwa gundi ya mishono: mfereji wa paa, sakafu na kuta, vizingiti kwa chini, ndani ya upinde wa tairi. Mfereji wa paa usiuonee uvivu. Kwaruza gundi ya zamani yote, kwani chini yake ndimo kutu inamotambaa. Silikoni ya bafuni haifai. Rangi haishiki juu yake, na mabaki yake yatatoboa rangi yako vijishimo vya mviringo mwaka mzima.

Puti ni ya kusawazisha, kwa unene usiozidi milimita 3, nayo iende juu ya epoksi iliyokwaruzwa kwa namba 80. Puti hunywa maji, ndiyo maana haifai juu ya bati tupu kwa gari la pwani. Hadina ni takriban gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti. Kwenye joto letu watu huona inachelewa kwa dakika moja wakaongeza, na matokeo yake ni vitundu vya sindano na doa linalojitokeza kwenye rangi nyeupe. Changanya kidogo kidogo badala yake.

Sawazisha kwa ubao mrefu, si kwa kiganja. Sura ya Kombi ina mkunjo mpana kutoka kioo hadi bampa, na kiganja kinafuata bonde bila kukuambia. Puliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi ya kopo juu ya puti, kisha piga msasa: nyeusi inayobaki ni bonde. Namba 80, 120, 180, kisha praima nene ya kujaza, kisha 320 na msasa wa maji 600.

Rangi

Kwanza usalama. Rangi na praima zinazochanganywa na hadina ya isosayaneti zinaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya vichungi vya mkaa haitoshi kwa kazi ya kupuliza. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kutoka mbali. Kama huna, usipulize nyumbani. Fanya kila kitu mwenyewe hadi praima ya epoksi na msasa, kisha ukodi chumba cha kupulizia na fundi wake kwa siku moja. Ukichagua njia hiyo, uliza kama epoksi uliyonayo inapatana na rangi yao.

Njia ya pili, isiyosifiwa sana lakini ninayoiheshimu, ni rangi ya mafuta ya kawaida kwa rola ya sponji. Ongeza thina kidogo, paka mikono myembamba, kila baada ya mikono miwili piga msasa wa maji 800, mwishowe 1500 na uing'arishe. Haiwi kioo. Lakini inarekebishika pembeni mwa barabara, na kwa gari la kulala porini hiyo ni sifa.

Rangi ya awali imeandikwa kwa namba kwenye bamba dogo la kiwandani nyuma ya kiti cha mbele, na sampuli isiyopauka utaipata chini ya dashibodi au nyuma ya makabati. Kombi za rangi mbili zina faida: mstari wa bodi chini ya madirisha unakuruhusu kumaliza juu wiki hii na chini wiki ijayo bila alama.

Kompresa iwe na kichujio cha maji, na utoe maji kwenye tanki lake kila asubuhi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi rangi hutoka na ukungu mweupe. Ikitokea, acha, ngoja ikauke, subiri siku nyingine.

Nta ndani, vioo nje

Rangi ikishakomaa, puliza nta ya matundu ndani ya vizingiti, milango, nguzo na mihimili kwa mrija mrefu wenye ncha ya kunyunyiza pande zote, hadi idondoke kwenye vitundu vya chini. Kisha vizibue vitundu kwa waya. Oili chafu ya injini, inayopendwa sana kwetu, inazuia kutu kwa muda lakini inaharibu mipira, inachafua ardhi na si nzuri kwa ngozi yako. Lami chini ya gari ndiyo mbaya zaidi: ikikauka hupasuka, maji huingia nyuma yake, nawe huoni lolote mpaka mguu unatokeza.

Kioo cha mbele hurudi kwa kamba. Vika mpira mpya kwenye kioo, pitisha kamba ya nailoni kwenye mfereji wa ndani wa mpira hadi ncha zipishane chini katikati, paka maji ya sabuni, mtu mmoja asukume kutoka nje kwa viganja, wewe uvute kamba kutoka ndani polepole ukifuata ukingo. Ikikwama kwenye kona, rudi nyuma. Usiongeze nguvu.

Paa la kuinuka lina fibaglasi na turubai. Fibaglasi haioti kutu, lakini skrubu za bawaba zake hupita kwenye bati la paa, na kila skrubu ni mlango wa maji. Itoe, ipake gundi ya mishono, irudishe. Kabla ya kufunga mbao za ukutani, mwagia gari maji kwa bomba dakika ishirini, ukae ndani na tochi.

Ukibadili rangi, peleka taarifa ili kadi ya gari isome rangi mpya: Tanzania kwa TRA, Kenya kwa NTSA. Kisha kila ukitoka ufukweni, bomba la maji baridi lipite chini ya gari, ndani ya pinde za matairi na kwenye reli ya mlango wa kusukuma, na kila kabla ya masika uchokoe vitundu vya maji vya milango na vizingiti kwa kijiti.